Nani Anafua Soksi za Kelvin

Mbwa ndiye aliyemuumbua Kelvin. Digger, mbwa wa kuchunga kondoo, anayelala vumbini chini ya pikapu na kujigaragaza juu ya kila mzoga anaoukuta, ghafla akaanza kunukia maua. Mwanzo tulicheka. Raelene mwenyewe, mke wa Kelvin, alikuwa akitutangazia klabuni, "Jamani, mume wangu kaokoka! Kila wiki anamwita yule dada wa kuosha mbwa." Yule dada alikuwa na gari la rangi ya waridi lenye beseni ndani, anazunguka mashambani akiosha mbwa wa watu. Kwetu Yarrabine mbwa huoga kabla ya Krismasi, akibahatika. Digger alikuwa anaoga kila Alhamisi, siku ambayo Raelene yuko zamu kule nyumba ya wazee.

Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Naitwa Glenys, jirani yao, tumetenganishwa na seng'enge na miti michache, na kitu kikinikaa rohoni siwezi kulala nacho. Nikamwambia, "Shoga, mbwa gani huyo anaoga kuliko mwenye nyumba?" Akacheka, halafu kicheko kikamkatika katikati. Alhamisi iliyofuata akabadilishana zamu na mwenzake, akarudi nyumbani saa nne asubuhi. Gari la waridi lilikuwa uani. Digger alikuwa amefungwa kwenye bomba la bustani, mkavu kabisa, hajaguswa hata na tone la maji.

Alichokikuta ndani sikisimulii, kila mtu anakijua.

Basi nikampeleka kwa wakili mjini, mwendo wa asubuhi nzima. Njia nzima mimi ndiye ninayefoka, yeye ametazama dirishani tu. Simu yangu ilikuwa imejaa picha za lile gari la waridi, nimelipiga kwa mbele, kwa nyuma, na ubavuni. Nilikuwa nimejiandaa! Nilishamwona Kelvin kizimbani, kainamisha kichwa, na mimi nimesimama na kofia yangu ya kanisani nikimpasha mbele ya hakimu.

Wakili alikuwa mama mfupi wa Kigiriki, Despina Kanaris, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Nikamwekea simu mezani. Hata hakuitazama.

"Mama, zifute tu hizo picha, zinakujazia simu bure."

"Ala! Huo si ushahidi?"

"Ushahidi wa nini? Korti haiulizi nani kamkosea nani. Iliacha kuuliza hata mimi sijazaliwa. Inauliza jambo moja: ndoa hii imekufa, haifufuki? Na dalili ya kufa kwake ni kwamba hawa wawili wametengana miezi kumi na miwili. Basi, imekwisha."

"Na yule mwanamke na beseni lake?"

"Hayumo."

"Na nyumba je? Si atapewa fungu kubwa zaidi, kwa kudhulumiwa?"

"Nyumba itagawanywa kwa kutazama nani alichangia nini, na nani ana shida gani mbele ya safari. Kulala nje hakumo kwenye hesabu hiyo."

Nikang'aka. Nilimwambia sheria gani hiyo, mtu anavunja ndoa ya watu mchana kweupe halafu serikali inatazama pembeni, si bora basi tukachukue talaka posta pamoja na stempu! Despina aliniacha nimalize. Amezoea, nadhani. Nilipovuta pumzi, Raelene akauliza polepole, "Kwa hiyo sihitaji kuthibitisha chochote?"

"Huhitaji."

"Na yeye akikataa?"

"Akatae, anune, agaragare sakafuni. Muda ukitimia na ukaomba, inatoka."

Raelene akashusha pumzi, ile ya mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa. "Basi sitasimama mbele ya watu kueleza kilichotokea chumbani kwangu," akasema. Mimi hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimefikiria kofia yangu.

Tatizo likawa mahali pa kuishi. Mwaka ule wajenzi wa mitambo ya upepo walikuwa wameujaza mji wetu. Walikodi kila chumba, juu ya baa wamo, kwenye mabanda ya wasafiri wamo, hata gereji ya mchungaji ilikuwa na watu wawili. Raelene angekwenda wapi? Na Kelvin naye angekwenda wapi? Despina akasema hakuna neno, sheria inakubali watu watengane chini ya paa moja. Ila hapo ndipo inapotaka kuhakikishiwa. Raelene ataapa, na mtu wa nje naye ataapa, kwamba kweli hawa si mke na mume tena.

"Mtu wa nje kama nani?" nikauliza, na wote wawili wakanitazama.

Akanieleza nitakachoulizwa. Nani analala chumba gani. Nani anampikia nani. Wamewaambia watu? Wanatoka pamoja kama mtu na mkewe? Nani anamfulia nani?

"Subiri kidogo," nikasema. "Yaani korti haitaki kujua kalala na nani, inataka kujua nani anafua soksi zake?"

Despina akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mama, umeielewa sheria kuliko wateja wangu wote. Na ukumbuke moja. Wakirudiana kujaribu tena, wakipitisha miezi mitatu, saa inaanza kuhesabu upya kabisa."

Raelene alimwambia Kelvin jioni ileile, jikoni, Digger akiwa chini ya meza. Kelvin alilia. Alihamishiwa chumba cha nyuma chenye cherehani. Raelene akabandika utepe katikati ya friji, kushoto zake, kulia za Kelvin, yaani soseji, bia, na chupa ya mchuzi wa nyanya. Mimi nikawa mkaguzi. Nilikuwa napita kila mara kwa kisingizio cha mayai, nafungua friji, natazama kamba ya nguo. Wiki ya kwanza Kelvin alitia nguo zake nyeupe za mchezo kwenye mashine pamoja na soksi nyekundu. Zikatoka waridi. Waridi ileile ya gari! Akaja nazo klabuni Jumamosi kwa sababu hakuwa na nyingine, na mzee mmoja pale baa akapaza sauti, "Kelvin, leo unaosha wa nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa, hapo kwenye mchezo ndipo kitumbua chetu kilipoingia mchanga.

Yarrabine hatuna sinema, hatuna bahari. Tuna maghala ya ngano, tuna kanisa, na tuna uwanja wa nyasi iliyokatwa fupi kama zulia, ambapo watu wazima waliovaa nyeupe huviringisha mipira mizito kuelekea kijipira cheupe. Atakayekikaribia zaidi ndiye aliyepata. Inaonekana rahisi. Thubutu! Ile mipira ina uzito upande mmoja, haijui kwenda moja kwa moja, lazima uitupe pembeni na kuiamini itarudi. Na katika mashindano ya jozi, mwanamume na mwanamke, Raelene na Kelvin walikuwa moto wa kuotea mbali. Kelvin nahodha, anayetupa mwisho na kutoa amri. Raelene anatangulia na kufuata amri hizo. Ilikuwa hivyo tangu walipooana.

Nilidhani vimekwisha. Kumbe siku ileile ya kuhamishiwa chumba cha cherehani, Raelene alimwambia, "Nyumbani kila mtu na lwake. Uwanjani tutacheza, lakini nahodha ni mimi. Hutaki, natafuta mwingine." Kelvin akakubali, angefanyaje.

Na wakaanza kushinda! Raelene akiwa nahodha walipiga kila klabu iliyokuja. Wanapongezana uwanjani, wanacheka, wanapeana maji. Mji mzima ukaanza kusema, "Wamerudiana hao." Mwenye duka ananiambia, mchungaji ananiambia, na mimi nina kiapo mbele yangu! Nitaapaje kwamba hawa si mke na mume, na kila Jumamosi wanafanya mambo yale mbele ya viti vilivyojaa watu?

Nikamfuata. "Raelene, acha huo mchezo mpaka mambo yaishe."

"Niache mimi? Kwani nilimwosha mbwa mimi?"

"Watu wanasema."

"Waseme. Sheria imesema haimuulizi yeye kosa lake. Sawa, nimekubali. Lakini na mimi isininyang'anye kitu ninachokipenda kwa sababu ya kosa hilohilo." Nikachukua mayai yangu, nikarudi kwangu.

Fainali ikaangukia Machi, na miezi ya Raelene ilikuwa imebaki kidogo sana kutimia. Joto lile, nzi wale! Mimi nilikuwa jikoni klabuni napaka siagi mikate ya chai. Raelene alikuja kujaza chupa ya maji, na Kelvin akamfuata. Mimi nilikuwa nyuma ya lile birika kubwa la umeme, hawakuniona, na sikukohoa.

"Rae," Kelvin akasema, na sauti ilikuwa ya chini, ya kubembeleza. "Yule ameondoka. Amekwenda kaskazini na fundi mmoja wa mitambo."

"Nimesikia."

"Nilikuwa mjinga. Tazama tunavyocheza mwaka huu. Hatujawahi kucheza hivi. Tukishinda leo, niruhusu nirudishe mto wangu chumbani."

Nikaacha kupaka siagi. Roho ilikuwa mkononi. Mkatae! Mkatae, mwanamke! Raelene akafunga chupa yake taratibu.

"Cheza kwanza," akasema.

Kelvin alitoka pale anarukaruka kama ndama. Mimi nikajitokeza na kisu changu cha siagi.

"Umemwambia nini?"

"Toba, Glenys! Ulikuwa humo?"

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia acheze."

"Miezi yote hii! Friji nimekagua mimi, kamba ya nguo nimekagua mimi, na sasa unataka kuitupa yote kwa sababu yule wa beseni amemkimbia?"

Akaketi kwenye kreti ya soda. Alionekana amechoka. "Juzi alinitengenezea bomba bila kuombwa. Jana alinichekesha mpaka chai ikanipalia. Nimeishi naye maisha yangu yote ya utu uzima. Si gunia hilo, la kutupwa tu."

"Na zile Alhamisi?"

"Unadhani nimesahau? Kabla ya utepe kwenye friji, mwaka mzima nilikuwa nacheka mchana, usiku nalala nikisikiliza gari la Kelvin. Limechelewa, limewahi, limezima taa mapema. Masikio yangu hayakuwa yangu. Sitaki hayo tena. Lakini pia sijui kama bado nataka kuondoka. Sijui! Niache nikacheze."

Akaondoka. Nilikata mikate ile pembe tatu zilizopinda ajabu.

Wapinzani walikuwa Merv na Joyce Laidlaw, mke na mume wa mji wa jirani, watu wakavu, hawacheki hata wakishinda. Viti vilijaa, watu wakakaa hadi kwenye ukuta wa choo. Mchezo ukaenda sare, wanatupita, tunawapita, wanatupita tena. Nilipiga kelele mpaka mwenye kiti cha mbele akaniomba niende nyuma, nikakataa. Ilipofika zamu ya mwisho matokeo yalikuwa sawasawa. Atakayeikamata zamu hiyo ndiye bingwa.

Merv akatupa mpira wake wa mwisho. Toba! Ukaja umepinda vizuri, ukapunguza mwendo, ukatulia karibu na kijipira kama umewekwa kwa mkono. Wa kwao wakarusha kofia.

Ukabaki mpira mmoja tu, wa nahodha, wa Raelene.

Alipanda kwenye mkeka wa kutupia, akaufuta mpira kwa kitambaa. Kelvin alikuwa upande wa pili, kwenye kijipira, uso umemwiva. "Fyatua, Rae!" akapiga kelele. "Kwa nguvu! Sambaratisha wote!" Ndivyo alivyokuwa akicheza yeye zamani za unahodha wake, jambo likiwa gumu anafyatua na kuomba heri. "Fyatua nakwambia!"

Raelene akatikisa kichwa.

"Basi leta kwa kulia! Kulia kwangu huku! Rae! Sikiliza!"

Nami nilikuwa katika hali gani? Naona haya kusema. Nilikuwa naomba akose. Mimi, mwanachama tangu ujana, mpika chai wa klabu, naomba wa kwetu wakose, kwa sababu wakipata, mto utarudi chumbani. Nilikuwa nimeziba macho kwa vidole na natazama katikati yake.

Raelene akainama, akautoa mpira kwa upande wa kushoto, polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Ukaenda pembeni, pembeni kabisa, kuelekea mahali pasipo na kitu. Watu wakaguna. "Umepotea!" mtu akasema. Kelvin akashika kichwa. Halafu ule uzito wa upande ukaanza kuuvuta. Mpira ukageuka. Ukapita nyuma ya mpira mmoja, ukachungulia kati ya miwili, na mimi, maombi yangu nikayasahau palepale, nikasimama juu ya kiti nikapiga ukelele, "Njoo! Njoo, mwanangu, njoo!" Kelvin alipiga magoti anaupepea kwa kofia. Ukaja. Ukakigusa kijipira kwa upole, ukaegemea.

Mwamuzi akaleta utepe wa kupimia kwa ajili ya kutimiza desturi tu, maana kila mwenye macho alikuwa ameona. Akainua mkono upande wetu.

Jamani! Bia zilimwagika, Digger alibweka, mchungaji alimkumbatia mtu asiyempenda. Na katikati ya hayo yote Kelvin anakuja mbio kutoka upande wa pili, mikono ameipanua, machozi yanamtoka. Klabuni kwetu jozi ya mke na mume ikishinda lazima wabusiane, mpiga picha wa gazeti anangoja hilo kabla ya kikombe. Watu wakaanza, wanagonga viti, "Busu! Busu! Busu!" Nikatamani ardhi ipasuke.

Raelene alikuwa bado juu ya mkeka. Alichukua kile kitambaa, akajifuta kiganja cha mkono wa kulia, akakinyoosha mbele.

Mkono. Kwetu mkono ni wa wapinzani. Merv na Joyce ndio wanaopewa mkono. Ile "busu" ikafa midomoni mwa watu, mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya nzi.

Kelvin akasimama mbele yake, mikono bado iko wazi. "Rae, tulisema..."

"Nilisema cheza kwanza. Umecheza. Umecheza vizuri mwaka huu, Kelvin, na nakushukuru kwa moyo wangu wote."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekuwa na hasira, Kelvin angeomba msamaha palepale, na sijui kingetokea nini. Alisema kama mtu anayeaga wageni aliofurahi nao. Kelvin alitazama ule mkono. Akashusha yake, akajifuta kwenye suruali, ile ya waridi iliyokwisha kupauka, akaushika. Mpiga picha akapiga.

Nilimfikia nikihema. "Ulijuaje? Ulikata shauri saa ngapi?"

"Nilipokuwa kwenye mkeka," akasema. "Alikuwa anapiga kelele fyatua, leta kulia, na nikagundua simsikilizi. Si kwamba nimemnunia, Glenys. Nilikuwa simsikii tu. Nikakumbuka hata gari lake usiku sijalisikia muda mrefu. Nalala." Macho yalikuwa yanamng'aa kwa machozi na anacheka. "Nalala usingizi, mwenzangu!"

Tukakumbatiana, tukarukaruka pale kama wasichana, nyasi za watu tunazikanyaga na viatu.

"Umeona nilivyompa mkono?" akaniuliza.

"Nimeona. Mji mzima umeona."

"Basi nenda kaape."

Nikaapa. Niliandika habari za cherehani, utepe wa friji, na soksi, na mwisho nikaandika kwamba kwa macho yangu mawili nilimwona akimpa mumewe mkono. Nilijaribu kumchomeka yule wa beseni, kidogo tu, pembeni. Despina akamfuta. Talaka ikatoka kimyakimya, Raelene hata hakuhitaji kwenda kortini, na hakuna mtu yeyote katika nchi hii aliyewahi kuuliza Kelvin alifanya nini siku za Alhamisi.

Mbwa amebaki kwa Raelene. Jana nilipita, kwa mayai kweli safari hii, nikamkuta Raelene amejilaza barazani mchana, mdomo wazi, anakoroma. Digger alikuwa amelala miguuni pake, ananuka mzoga wa kondoo kutoka kichwani hadi mkiani, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumwosha.